RAM Mpya ya Maren

Kwetu Thunder Bay, mji wa theluji nyingi, asubuhi za majira ya baridi huanza na beleshi. Mume wangu Garnet anaondoa theluji mlangoni, na binti yetu Maren anamsaidia. Mimi napika uji huku nawapigia kelele dirishani kwamba wamesahau kofia. Hawanisikii kamwe.

Wiki ile uji wa Maren ulikuwa unabaki. Chuo kimoja kilitafuta wachezaji wa timu yake ya gemu za kompyuta, na anayechukuliwa husomeshwa bure. Maren aliitwa kwenye majaribio ya Jumamosi. Angecheza akiwa nyumbani, kwa mtandao. Lakini kompyuta yake mpakato ilikuwa na tabia mbaya. Wachezaji wakijaa kwenye kioo, gemu inaganda kidogo. Kufumba na kufumbua, Maren ameshapigwa.

"Nitaumbuka, Mama," aliniambia. "Watadhani sijui kucheza."

Moyo uliniuma. Kumlipia chuo hatukuweza, na yeye alijua.

Sasa Garnet amecheza hoki ya barafuni tangu utotoni, na akifungwa hulaumu viatu vyake vya kuteleza. Kwake, kila tatizo dawa yake ni kifaa chenye kasi zaidi. Alhamisi alirudi na kipakiti mkononi.

"RAM hii! Ndiyo kumbukumbu ya kompyuta," akasema. "Ukicheza gemu, vitu vyake vinakaa humu. Na hii ina kasi kuliko ile ya zamani. Muuzaji kasema kompyuta itapaa!"

"Kwani muuzaji angekuambia nini kingine?" nikamjibu.

Akaketi kwenye zulia. Akafungua kompyuta, akatoa RAM ya zamani, akapachika mpya. Akawasha. Kioo kikawa cheusi. Akazima, akawasha tena. Cheusi vilevile. Alipotaka kurudia, Maren alimshika mkono.

"Baba, basi! Umeiua!"

Nikavaa koti, nikakimbia kwa jirani yetu Oksana, mwalimu wa kompyuta wa shule ya sekondari.

Oksana alifika akasimama mlangoni, mikono kichwani. "Mungu wangu, Garnet! Kwenye zulia? Na soksi za sufu?"

Tulielewa mara moja. Majira yale hewa ya ndani ni kavu. Ukitembea kwenye zulia kisha ukashika kitasa, unapigwa shoti. Shoti ndogo kama hiyo inaweza kuua RAM.

"Kwa hiyo imekufa?" Maren aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijui bado, mwanangu. Tuone."

Akaihamishia kompyuta mezani, akachomeka chaja, akawasha. Kioo cheusi. Garnet akanyoosha kidole kwenye kitufe. Oksana akampiga kofi mkononi.

"Acha! RAM mpya ya aina hii, kompyuta huipima kwanza. Inaweza kuchukua dakika kadhaa. Wewe ulikuwa unaikatiza kila mara."

Tukasubiri. Jamani, dakika zile! Maren aliuma kucha. Mimi nilifuta meza iliyokuwa safi. Ghafla kioo kikawaka, nami nikalia mbele ya watu.

Oksana akaangalia kasi ya RAM. "Kasi ni ileile ya zamani," akasema.

"Haiwezekani! Hii ina kasi zaidi!" Garnet akapinga.

"Ina kasi, lakini kompyuta hii ina kikomo chake. Haiwezi kuiendesha zaidi ya hapo. Hata ingeweza, tofauti kwenye gemu mara nyingi ni ndogo. Hebu niambie, humo ndani kuna nafasi ngapi za RAM?"

"Mbili. Moja ilikuwa tupu."

"Ndiyo hiyo! Asubuhi ukiondoa theluji peke yako na beleshi zuri, na mkiwa wawili na Maren, lini mnamaliza mapema?"

"Tukiwa wawili."

"Basi RAM nayo ni hivyo. Mbili hufanya kazi pamoja, na nafasi ya vitu vya gemu inaongezeka. Irudishe ile ya zamani kando ya mpya. Ni za aina moja na ukubwa mmoja, kwa kawaida hukubaliana. Zikigombana, rudisha hii dukani, ukanunue inayolingana na ile ya zamani."

Safari hii Garnet alivua soksi. Alizima kompyuta, akachomoa chaja, akashika chuma kwanza ili shoti iishie huko, akatoa waya wa betri. Ndipo akapachika.

"Kwa hiyo kasi nimeilipia bure?" akauliza.

"Kasi, ndiyo. RAM ya pili, hapana. Siku nyingine angalia kabla ya kununua: nafasi ipo? Kompyuta inakubali kasi gani? Kompyuta nyingine, RAM zake hazibadilishwi kabisa."

Kompyuta ilipowaka, Maren akafungua gemu. Wachezaji wakajaa kwenye kioo. Haikuganda.

Jumamosi alijifungia chumbani. Garnet alishindwa kukaa, akachukua beleshi. Akaondoa theluji yetu yote, kisha ya Oksana, kisha ya yule jirani asiyesalimiana naye. Mimi nilisimama dirishani, chai imepoa mkononi.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Maren akatoka mbio na soksi tupu.

"Baba! Wamenichukua!"

"Theluji hiyo, Maren! Viatu!" Garnet alipiga kelele huku machozi yanamtoka. Akatupa beleshi, akambeba binti yake, mrefu kama yeye, akamrudisha ndani.