Siku Mama Aliposikika Mji Mzima

Jumamosi ile ya mwezi wa pili, mwaka 2025, mtaa wa Kamalondo, Lubumbashi, ulikuwa umejaa watu mpaka pembeni mwa mitaro. Cherehani zililia, muziki wa baa moja uligombana na muziki wa baa ya pili, na vumbi jekundu lilipanda mpaka kwenye pindo za vikwembe. Kwenye kibanda cha Mwenze, muuza vyombo vya umeme, kulikuwa kumebaki kidude kimoja cheusi, kidogo kama kidole gumba: kadi ya sauti ya kuchomeka kwenye kompyuta. Mikono miwili ilikifikia pamoja.

"Papa, mi njo nilianza kushika," alisema Jemima bila kuachia.

"Mama, mi niliagiza tangu jana. Uliza Mwenze."

Mwenze alikuna kichwa. "Bote munasema kweli. Muongee benyewe."

Jemima alimtazama vizuri huyo mpinzani wake. Shati jeupe lililopigwa pasi, suruali nyeusi, viatu vilivyokuwa vyeusi kabla ya vumbi. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala vya kutosha. Yeye, Rodrigue, alikuwa fundi wa mitambo wa Redio Upole, redio ndogo ya hapo hapo Kamalondo. Naye alimwona msichana mrefu aliyevaa kikwembe cha rangi ya chungwa, nywele zimesukwa nyuma, midomo imefungwa kama mtu anayezuia kilio.

"Unaitaka ya nini?" Rodrigue aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ordinateur yangu haitoe tena sauti. Na mule ndani njo mwenye kuwa message ya mama yangu. Eko Goma. Tangu vita iliingia kule, simu yake haipite. Nataka tu kumusikia."

Rodrigue aliachia kidude. Kisha akafikiri, akakishika tena.

"Tufanye hivi. Kuja na ordinateur yako ku redio, iko mita mia moja tu. Utasikia mama yako pale, mu casque ya muzuri ya masikio. Kisha tutaona nani atabeba hii."

Jemima alicheka bila kutaka. "Na kama we ni mwizi?"

"Mwizi wa kadi moja ya sauti? Ningekufa njaa, mama."

*

Chumba cha mitambo cha Redio Upole kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa katoni za mayai kuzuia mwangwi. Mezani palikuwa na kompyuta kuukuu iliyoendeshwa na mfumo wa Linux, maana Rodrigue alisema hiyo haimsumbui kwa virusi. Kadi yake ya ndani ilipeleka sauti kwenye casque ya fundi. Kadi ya pili, iliyokuwa imeungua wiki hiyo, ndiyo iliyokuwa ikipeleka sauti kwenye mtambo na kutoka hapo hewani. Ndiyo maana aliitafuta ile ya Mwenze.

Rodrigue alihamishia message kwenye kompyuta hiyo, Jemima akavaa casque. Sauti ya mama yake ilimwingia masikioni karibu kabisa, na nyuma yake jogoo akiwika: "Jemima, mutoto yangu, kula. Usijisumbue juu yetu. Kula." Alisikiliza mara tatu. Rodrigue aligeukia ukutani, akajifanya anapanga nyaya.

"Baki na kadi," Jemima alisema alipovua casque. "Lakini nitakuya tena kumusikia."

"Kila siku kama unataka."

Alikuja kila siku. Alikuwa akifanya kazi kwenye depo ya jumla ya mama yake mdogo, Mama Claudine, kule Naviundu, ambako magunia ya maharage kutoka Kivu yalikuwa yamekoma kufika. Mchana alipanda teksi mpaka Kamalondo, na Rodrigue alimwekea kiti. Watu wengine waliotoka mashariki waliposikia, walianza kuja na majina ya ndugu zao, na redio ikaanzisha kipindi cha salamu saa tisa. Jemima ndiye aliyeyasoma majina, kwa sauti iliyotulia, ingawa naye hakuwa na habari za kaka yake Ruphin, polisi huko Goma.

"Sauti yako inalalisha mutambo," Rodrigue alimtania kwenye simu siku moja.

"Njo kusema mi nachosha bantu?"

"Hapana, chérie. Njo kusema hata mashine inapumzika."

"Nani alikupa ruhusa ya kuniita chérie?"

"Hakuna. Nilianza tu."

"Basi endelea," alisema Jemima.

*

Mkurugenzi wa redio, Symphorien, alikuwa mtu mnene wa suti za kijivu, asiye mbaya, lakini aliyependa wasikilizaji kuliko kitu chochote. Siku moja alisimama mlangoni, Jemima akiwapo, akasema, "Siku tutapitisha hewani mama wa Goma mwenyewe, live, na machozi yake, mji muzima utabakia kwetu."

"Tutaona," Rodrigue alijibu akiwa ameinamia waya. Alisema hivyo ili mkurugenzi aondoke.

Kesho yake umeme ulikatika asubuhi yote. Ulirudi saa nane na nusu. Rodrigue aliwasha kompyuta, nyimbo zikaanza, na dakika hiyo hiyo Jemima akaingia akihema: jirani wa mama yake huko Goma alikuwa ameandika kwamba mama amekuja kwake kutumia intaneti na anaweza kupiga simu sasa hivi. Rodrigue alifungua programu ya simu kwenye kompyuta, akamvalisha casque, akamsogezea maikrofoni.

"Ongea naye polepole. Nyimbo zinaenda zenyewe. Mi natoka inje, niangalie mafuta ya jenereta." Akafunga mlango ili asiyasikie ya mama na mwanae.

Simu iliita, ikapokelewa. Lakini masikioni mwa Jemima hakukuwa na mama. Kulikuwa na magitaa na kwaya.

"Mama? Mama, sisikie kitu. Ni muziki tu."

Mama yake, kule Goma, alimsikia vizuri. Akadhani mtandao ni mbaya, akapaza sauti. Na sauti hiyo ilitoka kwenye redio za wauza mikate, za mafundi, za teksi zilizosimama Kamalondo na zilizokuwa zikishuka Naviundu: "Jemima, mi niko muzima. Kaka yako Ruphin hakukufa. Eko amefichama kwa rafiki yangu Victorine, nyumba ya bati ya bleu nyuma ya kanisa. Benye bunduki banatafuta bapolisi bote. Usiambie mutu."

Alisema hivyo mara mbili.

Simu ya Jemima ilitetemeka mezani. Alikuwa Mama Claudine, akilia. "Mutoto, mama yako eko anasema ku redio. Amesema Ruphin eko fasi gani. Mufunge ile kintu."

Jemima alivuta kila waya aliouona. Rodrigue aliingia mbio, mikono ikinuka mafuta, na nyuma yake Symphorien, uso unang'aa: simu za wasikilizaji zilikuwa zinaita zote kwa pamoja.

Jemima alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. "Jana mulisema. Mi nilikuwa hapa, nilisikia. Mulisema mutamupitisha."

"Jemima, sijue nini imetokea. Nipe dakika—"

"Ulitoka inje. Ulifunga mulango na ukatoka."

Aliondoka bila kuchukua mkoba wake. Jioni alimpata jirani wa Goma kwa maandishi, naye akajibu neno moja: wameondoka. Baada ya hapo hakuna aliyejibu tena.

Rodrigue alipiga simu mara nyingi. Jemima alipokea mara moja tu.

"Ni mashine, Jemima. Nakuapia."

"Mashine haina mama," alisema. "Usinipigie tena."

*

Siku mbili Rodrigue hakutoka chumbani mle isipokuwa kunawa. Kila nyimbo za asubuhi zilipokwisha na redio kupumzika, alizima kompyuta na kuiwasha, kisha akaandika amri ya kuorodhesha kadi za sauti. Kadi ya ndani, namba sifuri. Kadi ya Mwenze, namba moja. Akazima, akawasha. Sifuri, moja. Akafanya hivyo mara kumi na moja bila kuona kitu. Mara ya kumi na mbili, orodha iligeuka: kadi ya Mwenze ilikuwa sifuri, na ya ndani ilikuwa moja.

Alikaa chini.

Linux huzipa kadi namba kila inapowaka, na inayowahi kuitika ndiyo hupata sifuri. Yeye alikuwa ameiambia programu ya simu ipeleke sauti kwa sifuri, na programu ya nyimbo ipeleke kwa moja. Karibu kila siku kadi ya ndani ilitangulia. Siku ile, baada ya umeme kurudi, ya nje iliwahi. Sauti mbili zilibadilishana njia, na yeye hakuwa amejaribu kabla ya kumkalisha Jemima pale.

Kurekebisha kulichukua chini ya saa moja. Aliacha namba, akaipa kila kadi jina lake kwenye faili la mipangilio, MASIKIO na HEWANI, kisha akaziambia programu zifuate majina. Aliwasha mara arobaini. Hata namba zilipogeuka, kila sauti ilikwenda mahali pake.

Alimwendea Symphorien. "Directeur, nataka kuomba radhi hewani."

"Utasema nini? Sema ni réseau, mtandao uliharibika. Bantu bote banajua réseau."

"Si réseau. Ni mi."

"Ukisema vile, mwisho wa mwezi utafute kazi ingine."

Saa saba, baada ya habari, Rodrigue alifungua maikrofoni. Jemima alikuwa depo Naviundu, amekaa juu ya gunia. Mama Claudine alikuwa ameacha redio ikiwaka kwa sababu hakuweza kuizima tangu siku ile.

"Naitwa Rodrigue. Mi njo fundi wa hapa," redio ilisema. "Juzi, siku ya ine, mulisikia mama moja akiongea na mutoto yake. Haikukuwa ya kwenu. Mashine iligeuza njia, lakini mashine inafanya vile tuliipanga, na mi njo niliipanga. Sikupima mbele ya kumuweka pale. Ule mutoto hakumusikia mama yake hata neno moja. Bengine bote tulimusikia. Ninaomba radhi kwa ile familia. Mwenye kukumbuka ile alisikia, nakuomba usirudilie."

Jemima alibaki amekaa. Neno moja lilimshika: hakumusikia hata neno moja. Ni kweli. Siku zote mbili alikuwa amefikiria mji uliosikia, hakufikiria masikio yake mwenyewe.

Alisimama. "Mama mudogo, naenda Kamalondo."

"Enda," alisema Mama Claudine. "Na uchukue mukoba yako."

*

Rodrigue alipomwona mlangoni alisimama, akakosa mahali pa kuweka mikono.

"Nionyeshe," Jemima alisema.

Aliondoa majina kwenye faili, akarudisha namba kama zilivyokuwa, akakata waya wa kwenda kwenye mtambo ili kisitoke kitu nje. Akamwekea casque, akafungua wimbo upande mmoja na salamu za jana upande wa pili.

"Zima wewe mwenyewe. Uwashe wewe mwenyewe. Mi sitagusa."

Jemima alizima na kuwasha. Salamu masikioni. Tena. Salamu masikioni. Rodrigue alisimama mbali, mikono nyuma. Mara ya saba, kwenye casque yaliingia magitaa.

Aliyasikiliza magitaa yale mpaka wimbo ukaisha. Kisha akavua casque.

"Kama ulitaka kumupitisha mama yangu hewani," alisema polepole, "haukukuwa na sababu ya kumutoa mu masikio yangu. Ungepeleka fasi zote mbili."

"Njo vile."

"Sikufikiri," Jemima alisema.

"Ulikuwa na ya kufikiri mingi. Mi njo nilipashwa kufikiri. Kama kitu imepata Ruphin, Jemima, mi sijue nitafanya nini."

Jemima alimsogelea, akaufuta mkono wake wenye mafuta kwa ncha ya kikwembe chake, kidole kimoja kimoja. "Tutangoja bote mbili," alisema. "Na sasa rudisha majina. Saa tisa inafika, bantu bako inje na salamu zabo."

*

Walingoja siku tisa. Ya kumi, simu iliita kutoka namba ya Uganda. Mama na Ruphin walikuwa wametoka Goma alasiri ile ile ya redio. Victorine alikuwa na jamaa yake Lubumbashi, naye ndiye aliyemwandikia kwamba nyumba yake imetajwa redioni. Ruphin angebaki Kampala kwa rafiki. Upolisi alikuwa ameuacha, na sare alikuwa ameizika. Mama angekuja peke yake, kupitia Tanzania na Zambia, kwenye lori la mfanyabiashara wa Butembo.

Symphorien hakumfukuza Rodrigue. Mwisho wa mwezi ulifika, ukapita, na yeye akasema tu kwamba karatasi bado hazijaandikwa.

Kwa hiyo ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, huko Mokambo, kati ya malori yaliyopanga foleni mpakani na akina mama wa Zambia waliobeba unga, ambapo Jemima alimwona mama yake akishuka, mdogo kuliko alivyomkumbuka, sweta la mtu mwingine mabegani. Walishikana. Rodrigue alibeba mfuko pekee uliokuwapo, akasimama pembeni.

Kwenye gari la kukodi mama alikaa katikati yao. Walikwenda kilomita nyingi kabla mama hajamgeukia Rodrigue.

"We njo ule wa redio."

"Ndiyo, mama. Mi njo nilikosa."

"Nilisikia. Jemima aliniambia yote." Alimtazama shati, mikono, viatu. "Bazazi bako ni ba wapi?"

"Ba Kasai, mama. Lakini baba yangu alizaliwa Lubumbashi, na mi vilevile."

Mama alitazama nje, kwenye miti na vichuguu vinavyopita. Jemima alishika kiti cha mbele kwa nguvu, akingoja kama mama angemkataa mtu wa Kasai. Rodrigue alitoa kikohozi kifupi.

"Mama, najua si leo ya kusema. Lakini napenda bazee bangu bakuye kukuona. Juu ya Jemima."

Gari lilipita shimo, wote wakarushwa. Mama alijiweka sawa, akaegemeza kichwa kwenye bega la Rodrigue, maana ndilo lililokuwa karibu, akafumba macho.

"Bakuye," alisema. "Lakini baniache kwanza nilale siku mbili."