Jiko Lisilo na Moshi

Jambo la kwanza lilikuwa dogo: samaki hakunukia. Léocadie alimlaza juu ya jiko la gesi nyuma ya nyumba yake mjini Kasongo, saa tano ya asubuhi, samaki mnono wa Lualaba aliyepakwa chumvi, ndimu na pilipili. Ngozi ilikauka vizuri, mafuta yakadondokea ndimi za moto wa buluu, lakini pua haikupata kitu. Mama Olga, jirani ambaye hujua chakula cha mtaa mzima kabla hakijapakuliwa, alipita karibu kabisa akauliza leo wanakula nini. Léocadie alicheka kidogo, akasema ndiyo uzuri wa gesi, haina moshi.

Alikuwa na haki ya kujivunia jiko lile, angalau kama chuma. Mume wake, Hippolyte, ni mwalimu mkuu wa shule ya kanisa na mtu wa wageni. Haipiti siku bila yeye kuleta mkaguzi, mzazi wa mwanafunzi au binamu aliyeshuka kwenye pikipiki na njaa ya safari. Huwezi kumpa mgeni wa namna hiyo sombe tupu, majani ya muhogo bila kitoweo. Kwa hiyo Léocadie alichoma nyama au samaki siku sita kati ya saba, na kwa miaka miwili alizika majiko matatu. La kwanza, la bati, lililiwa na kutu msimu mmoja wa mvua. La pili, nusu ya pipa, lilivunjika miguu siku ya Pasaka na paja zima la mbuzi likaanguka mchangani mbele ya padri. La tatu lilinunuliwa sokoni kwa sababu liling'aa, na mng'ao ukabanduka kabla ya Krismasi. Rahisi ghali, wahenga hawakukosea.

Majiko hayo matatu yalimfundisha kazi. Akiona jiko popote hakuangalia rangi. Aligonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, maana bati jembamba hulia na chuma kinene hujibu kwa ufupi. Alinyanyua upande mmoja kupima uzito. Aliinama kutazama misumari, bawaba za kifuniko, na mahali maji ya mvua yangetuama. Na katika kugonga kote huko alikuta jiko moja tu lililofaulu, la dada yake mkubwa Rosine, kule Salamabila.

Rosine alikuwa amewapikia wageni wa kambi moja ya dhahabu. Kambi ilipofungwa, walimwachia jiko lao la gesi: wavu wa chuma kizito, mwili usioshika kutu, vichomeo vya shaba, kifuniko kinachofungwa bila sauti. Kwa miaka tisa alichoma mbuzi juu yake kila siku, akawalisha wachimbaji, akamlea binti yake wa pekee, Aurélie. Mitungi ya gesi ilimfikia kwa pikipiki. Jiko halikutoboka popote.

Kisha Rosine aliugua, akafa. Hapa ndipo aibu inapoanza, na Léocadie mwenyewe anajua ilianza saa ngapi. Wanawake walikuwa wakilia ndani, maiti haijatolewa, naye akatoka nyuma ya nyumba kama mtu anayetafuta hewa. Macho hayana pazia. Alilitazama jiko la dada yake, akainua kifuniko, akagonga, akasikiliza. Aliinama kuangalia chini. Machozi ya kweli yalikuwa bado mashavuni mwake.

Katika ukoo wao, siku ya kumaliza matanga, majivu ya mekoni hukusanywa ndani ya ungo, familia hukaa kuyazunguka, na vitu vya marehemu hugawanywa. Mwenye neno aliloachiwa na marehemu huweka mkono juu ya kitu na kulisema. Halipingwi. Kumpinga yule ni kumwita marehemu mwongo, na hakuna anayetaka kufanya hivyo majivu yakiwa bado hapo. Wote walijua kwamba jioni moja, kabla ya kifo, Léocadie alibaki peke yake na mgonjwa. Hawakujua kwamba Rosine hakuweza kutamka kitu. Kinywa chake kilifunguka kikafumba, kikafunguka kikafumba, bila neno, na macho yake yalikuwa mlangoni, kuelekea nyuma ya nyumba ambako binti yake alikuwa akitwanga dawa.

Léocadie aliweka kiganja juu ya kifuniko. "Yaya aliniambia yeye mwenyewe, tulikuwa wawili tu," alisema, akimwita Yaya kama alivyomwita dada yake mkubwa tangu utotoni. "Alisema, hii jiko ni ya Léo."

Aurélie aliinamisha kichwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuwa na kazi nyingine zaidi ya ile aliyoiona kwa mama yake. Kesho yake alisaidia kulifunga jiko kwenye pikipiki kwa mipira ya tairi, akalikaza vizuri lisikwaruzike njiani.

Baada ya samaki asiyenukia, harufu ilikuja yenyewe, na ilikuja wakati jiko ni baridi. Saa nane ya mchana, kifuniko kimefungwa, gesi imezimwa, ua wote ulinukia mbuzi wa Rosine, yule wa pilipili na vitunguu pori ambaye hakuna mwingine aliyejua kumkoleza. Nyuma ya harufu hiyo ilikuja nyingine, ya kafuri, kama ya chumba kile cha mgonjwa. Hippolyte alirudi kutoka shule akameza mate, akauliza nyama iko wapi. Hapakuwa na nyama siku hiyo. Léocadie alisema ni kwa Mama Olga. Alishangaa jinsi uongo ulivyomtoka bila kazi.

Siku ya Alhamisi kifuniko kililia. Kile ambacho kwa miaka tisa hakikutoa sauti kilinyanyuka upana wa kidole, krii, kikashuka, krii, kikanyanyuka tena, na hapakuwa na upepo wa kutikisa hata nguo kwenye kamba. Alisimama na kisu mkononi akitazama. Kilifunguka kikafumba, polepole, bila neno, na yeye aliijua namna ile ya kufunguka. Aliweka jiwe juu yake. Usiku huo hakusali, alilala tu amegeukia ukuta.

Neno lenyewe lilisikiwa kwanza na mtoto. Victoire, binti yake wa miaka sita, alikuwa akicheza karibu na moto wakati mama yake anakata ndimu. Aliingia ndani taratibu, akavuta kitenge cha mama yake.

"Mama, mama mukubwa anaongea mu jiko."

Léocadie alimwambia hiyo ni gesi, gesi hupiga kelele. Mtoto akatikisa kichwa.

"Anasema tulikuwa wawili tu. Anasema ulimwambia weye mwenyewe, Victoire ni wake."

Yalikuwa maneno yake, yamepangwa vilevile, kama vazi lake mwenyewe limevaliwa na mtu mwingine. Hakuna aliyemsimulia mtoto mambo ya matanga. Léocadie alizima moto, akamfungia Victoire chumbani, akakaa sakafuni mbele ya mlango, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alimlilia dada yake bila kufikiria chuma.

Asubuhi alikwenda kwa Asani. Asani hutengeneza baiskeli karibu na msikiti, na jioni husomesha watoto Kurani; watu wa dini zote humwendea mambo yakiwazidi, wakristo wakipitia njia ya nyuma. Alimkuta akizamisha mpira wa tairi ndani ya beseni, akitafuta tundu. Hakuacha kazi.

"Mama Victoire, fundi anaanza na kile kiko karibu," alisema. "Paka povu ya sabuni kwenye mupira wa gesi, uangalie kama hewa inatoka. Kama ni gesi, haiko kazi yangu. Kama haiko gesi, utarudi."

Alirudi nyumbani akafanya alivyoagizwa, jua likiwa kichwani, kuku wakichakura, redio ya Mama Olga ikiimba. Alifunga gesi, akapaka povu kwenye mpira na kwenye kiungo cha mtungi, akachuchumaa. Povu lilitulia. Kisha likavimba, si kwa kutoboka kama povu linalopigwa na hewa inayovuja bali kwa kuinuka lote pamoja na kushuka lote pamoja, kuinuka na kushuka, kwa mwendo wa kifua cha mtu aliyelala homa, na alipoushika mtungi ili aung'oe, yeye ambaye mikono yake ilijua uzito wa kila chuma, ukanyanyuka mwepesi kabisa, mtupu, umekwisha labda tangu wiki ile ya kwanza, na wakati bado ameushikilia hewani, mpira ukining'inia bila kushika popote, vichomeo vyote vya shaba viliwaka kwa pamoja, buluu, bila moshi, bila harufu, na katikati ya mvumo wao sauti iliyochoka ya Rosine ikamwita kwa jina la utoto, Léo, Léo, nimesema Victoire ni wangu, nani atanipinga?

Alirudi kwa Asani bila viatu. Safari hii fundi aliweka mpira chini.

"Chuoni, mu Kurani, tulisoma majini waliumbwa kwa moto haina moshi," alisema. "Lakini watu wengi wanapikia gesi na wanalala vizuri. Niambie, hii jiko ilifika kwako namna gani?"

Akamwambia. Lilikuwa jambo fupi, na alipolimaliza aliona lilivyo dogo na lilivyo chafu. Asani alijifuta mikono.

"Ulitia neno mu kinywa ya mutu amekufa," alisema. "Ile kinywa ilikuwa imefungwa. Weye ulifungua, na mwenyewe hayuko. Kingine kimeingia kukaa. Rudisha jiko, lakini jiko ni chuma tu. Mbele ya watu, mukono juu yake, sema: marehemu hakusema, ni miye nilisema. Usimuongezee neno hata moja."

Léocadie alimwambia Hippolyte kwamba anakwenda kumsalimu mtoto wa dada yake. Jiko lilifungwa tena kwenye pikipiki. Njia nzima, kuvuka eneo lote la Kabambare hadi Salamabila, aliyarudia maneno yale matano mdomoni. Marehemu hakusema, ni miye nilisema. Yalikuwa mepesi akiwa juu ya pikipiki.

Alimkuta Aurélie kando ya njia ya wachimbaji, akichoma vipande vya mbuzi juu ya nyaya za baiskeli alizozisuka mwenyewe na kuziweka kwenye mawe matatu. Moshi wa kuni mbichi ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu. Mkono wa kulia ulikuwa na kovu jipya la moto, tangu kifundo hadi kiwiko, kwa sababu nyaya zilikuwa zimelegea siku moja na mafuta yakalipuka. Msichana aliangalia jiko la mama yake likishushwa, akaweka mikono kichwani. Halafu akamkumbatia mama yake mdogo, akamshukuru kabla hajaelezwa lolote.

Watu walikusanyika: shangazi wa ukoo, majirani, wachimbaji wenye matope. Walikuwa wanatabasamu. Léocadie aliweka kiganja juu ya kifuniko. Kilikuwa cha moto kidogo, labda kwa jua. Alimtazama Aurélie, kovu lile, macho yale mekundu yaliyomwangalia kwa upendo asioustahili, akafikiria jinsi yangebadilika. Alifungua kinywa, akafumba. Akafungua tena.

"Yaya aliniambia nikuwekee tu," alisema. "Mupaka matanga ipoe. Alisema, kisha umupatie mutoto."

Wanawake walipiga vigelegele. Shangazi mmoja alisema kweli damu ni nzito kuliko maji. Aurélie alilia kwa furaha, akawasha jiko papo hapo kwa mtungi mpya wa jirani, na nyama ikanukia hadi ng'ambo ya mto. Hakuna kitu kibaya kilichotokea. Jiko lilikuwa chuma tu, chuma kizuri, na bado linafanya kazi kila siku kule Salamabila, halina tundu.

Léocadie alirudi Kasongo akijiambia kwamba mtoto amepata haki yake, na haki ni haki hata ikipita dirishani. Hippolyte alimnunulia jiko la udongo la makala, yale makaa ya miti, pana, lenye kuta nene. Aligonga kwa kidole, akasikiliza, akaridhika. Jumamosi saa kumi na moja ya jioni alilitia makala, akachochea, akapuliza. Victoire alikuwa kando yake, akimpangia ndimu kwenye sahani, mzima, akiimba wimbo wa shule. Mama Olga alipita nyuma ya ua akauliza leo wanakula nini.

Léocadie alitazama chini. Makala yalikuwa yamekolea, na juu yake samaki alikuwa akiiva. Hapakuwa na moshi. Moto ulikuwa wa buluu.

Victoire aliacha kuimba. Kinywa chake kilifunguka kikafumba, kikafunguka kikafumba, kisha akaelekeza sikio kwenye jiko kama mtoto anayetumwa, akageuka kwa mama yake.

"Mama," alisema, "mama mukubwa anauliza, leo unataka aseme nini?"