Breki Zimekatwa

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha dirisha. Ya pili ilimchana Nyigu sikio la kushoto.

Alijibiringisha chini ya viti, bastola yake ya Glock mkononi, abiria wakikanyagana kukimbilia behewa la nyuma.

"Nyigu, hali ikoje?" Mkuu wa Idara aliuliza kupitia kifaa cha mawasiliano kwenye sikio la kulia.

"Nimempata Mhandisi. Amekata breki."

"Mungu wangu! Daraja liko kilomita nne mbele, na huo ni mteremko mtupu."

Nchi nzima ilikuwa na daraja moja tu la reli. Likivunjika, bandari imekufa na mizigo yote inahamia kwa jirani. Mhandisi, mgeni aliyeletwa kulikagua, alikuwa ametega baruti kwenye nguzo ya kati. Treni ikifika hapo, mwenzake alilipue. Yeye mwenyewe aruke mapema.

"Wifi, lala chini!" Nyigu alifoka.

Mkaguzi wa tiketi, mke wa kaka yake, alimkodolea macho. "Wifi? Wewe si unauza bima?"

Risasi ikamwingia mkaguzi pajani. Akaanguka akipiga yowe.

Hapo Nyigu akapandwa na mori.

Alirukia viti, akamkanyaga Mhandisi kifuani. Bastola ikamponyoka. Kisu kikatoka, kikazama begani mwa Nyigu. Alimvunja mkono huohuo ulioshika kisu. Kisha akampiga kichwa cha pua. Mara mbili.

Pingu zikalia. Upande mmoja mkononi mwa Mhandisi, wa pili kwenye chuma cha kiti.

"Ulitaka kuruka? Leo tunavuka sote."

Mhandisi alitema meno. Kwa mkono mzima akatoa Nokia, akapiga.

"Usilipue! Nimo ndani!"

Sauti ya upande wa pili ilicheka. "Pole, bosi. Kazi ni kazi."

Simu ikakatika. Mhandisi akaanza kulia kama mtoto.

Nyigu alifungua mlango. Upepo ulimpiga usoni. Ng'ambo ya kona, kando ya daraja, mtu alisimama nyuma ya Land Cruiser, rimoti mkononi.

Treni ilitikisika. Bega lilimwaka moto.

Akafyatua. Kioo cha gari kikamwagika.

Yule mtu akainua rimoti.

Akafyatua tena.

Risasi ilimpata kooni. Alipepesuka, akatumbukia mtoni, na rimoti ikamfuata.

Magurudumu yalinguruma juu ya daraja. Nguzo ya kwanza. Ya kati. Ya mwisho. Ng'ambo, mwinuko ukaipunguza treni kasi hadi ikasimama.

Nyigu alimfunga wifi yake paja kwa mkanda wa suruali.

"Utapona. Daktari yuko njiani."

"Na kaka yako nimwambie nini?"

"Mwambie nampenda."

"Nyigu!" Mkuu aliita. "Daraja?"

"Limesimama. Lete wategua mabomu."

Akashuka, akavuka reli, akapanda hadi barabarani na kusimamisha basi la mjini.

Kondakta aliiona damu. "Dada, umepatwa na nini?"

"Treni imeharibika," alisema, akaketi dirishani. "Twende."