Sakafu ya Mjusi wa Bibi

Nyumba tuliyokulia ilinuka mbao. Ukifungua kabati, mbao. Ukivaa shati, mbao. Mama alikuwa akisema hata chai yake ina ladha ya msasa.

Baba alikuwa fundi seremala. Karakana yake ilikuwa mbele, na sisi tuliishi nyuma. Mlango wa katikati haukufungwa mchana kutwa, kwa hiyo maranda yalituingilia mpaka jikoni. Asubuhi hatukuamshwa na jogoo. Tuliamshwa na randa. Shwaa, shwaa. Mpaka leo nikisikia randa ikipita juu ya ubao mkavu, nageuka nikidhani Baba ananiita.

Babu alipofariki, Bibi alihamia kwetu. Alikuja na sanduku la nguo, mto wake, na beseni pana lililofunikwa wavu. Ndani ya beseni, juu ya gazeti, alikaa mjusi mnene mwenye koo la rangi ya chungwa. Babu alimfuga miaka mingi. Alimwita Mwenyekiti, kwa sababu alikuwa akitingisha kichwa kama mtu anayekubali hoja za mkutano.

"Huyu ndiye mgeni wenu," Bibi alisema. "Mimi ni mwenyeji."

Kila asubuhi alimlisha panzi mmoja mmoja, huku akimsimulia alivyolala. Kisha alinigeukia mimi. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha shule na kushika randa.

"Mume wangu, mbona hunisalimii? Au umepata mke mwingine?"

"Shikamoo, Bibi. Mke mwingine nitamweka wapi? Nyumba yote maranda."

"Marahaba. Jibu la mwanamume mvivu hilo."

Baba hakulipenda lile beseni. "Mjusi wa baba yangu hawezi kulala kwenye beseni la kufulia," alisema. Baba hakulia msibani. Alilia kwa mikono. Alitoa mbao zake za mwerezi, zile alizozitunza kwa kazi za wateja wakubwa, akajenga sanduku zuri kuliko kabati letu la vyombo. Pembe zote zilishikana bila msumari. Mbele aliweka kioo, juu wavu, na balbu ya kumpa mjusi joto. Chini alimwaga maranda mapya ya mwerezi, mazito kama godoro.

"Mama, nusa," alisema.

Bibi alinusa, akafumba macho. "Kama sanduku langu la harusi."

"Mwerezi unafukuza hata nondo," Baba alisema. Alijivuna, na alistahili. Majirani walikuja kuona. Wengine walisema wangependa kulala humo wao.

Baada ya muda Mwenyekiti alianza kubadilika. Alipiga chafya. Macho yake yalivimba. Alikaa mdomo wazi, akivuta pumzi kwa shida. Bibi alimsogezea panzi, yeye akageuza kichwa. Tumbo lilimjaa, lakini hatukuona kinyesi tena.

Na Bibi naye akaacha kula. Mama alimwekea chakula, Bibi akakirudisha kilivyo.

"Mama, onja kidogo," Mama alimbembeleza.

"Mkwe wangu, mume wangu aliniachia mdomo mmoja tu wa kulisha. Ule pale. Ukifumba, mimi namwamkia nani asubuhi?"

Baba aliongeza maranda mengine mapya, ili mgonjwa alale vizuri zaidi.

Ng'ambo ya barabara aliishi daktari wa mifugo. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, asiyezunguka maneno. Siku moja alikuja kuchukua kiti chake kilichovunjika mguu. Bibi alimwita kabla hajakikalia kukijaribu.

"Daktari, njoo uniangalizie mwenzangu."

Daktari aliinama mbele ya sanduku. Alinusa. Kisha alifungua kioo haraka, akamtoa Mwenyekiti kwa mikono miwili.

"Fundi, hili sanduku umelitengeneza wewe?"

"Mimi," Baba alisema. "Mwerezi mtupu."

"Ni zuri sana. Linamuumiza."

Baba aliweka patasi chini. "Linamuumiza vipi? Mbao safi ile!"

"Wewe mwenyewe unasema mwerezi unafukuza nondo. Unawafukuza kwa kitu gani?"

"Kwa harufu."

"Basi. Harufu hiyo inatoka kwenye mafuta ya mti. Nondo anaruka, anakwenda zake. Mjusi umemfungia humo, anaivuta usiku na mchana. Inamchoma macho na mapafu. Na vumbi la maranda linaongeza. Msonobari nao ni hivyo hivyo. Mbao zenye harufu kali si za kumlaza mjusi."

Alilibonyeza tumbo la Mwenyekiti taratibu kwa kidole.

"Panzi mnampa wapi?"

"Humo humo," Bibi alijibu. "Wanakimbia, anawakamata."

"Akimkamata panzi, anameza na maranda. Maranda hayasagiki tumboni. Yanajazana, yanaziba njia. Ndiyo maana hali, na ndiyo maana hapati choo."

Baba alichukua ndoo.

"Unakwenda wapi?" Mama aliuliza.

"Kuleta mchanga. Pale wanapojenga kuna lundo. Mjusi si kiumbe wa mchanga? Namwaga maranda yote, naweka mchanga."

"Fundi, weka ndoo," Daktari alisema.

"Lakini huko nje..."

"Huko nje ana nafasi ya kuchagua mahali pa kula, na ardhi yenyewe imeshindiliwa. Humu utamwekea mchanga mlaini, atameza na kila panzi. Umetoa maranda, umeleta saruji ya tumbo."

Bibi alicheka, kicheko kidogo. Kilikuwa cha kwanza baada ya siku nyingi.

"Sasa niweke nini?" Baba aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Marehemu mzee alikuwa akimwekea nini?"

"Gazeti," Bibi alisema.

"Mzee alikuwa sahihi. Gazeti halimezeki kirahisi, halina vumbi, na uchafu unauona mara moja. Likichafuka, unalitoa, unaweka jingine. Kama mnataka kitu cha kudumu, wekeni kigae chenye uso wa kukwaruza kidogo, asiteleze. Kigae kinafutika. Changarawe hapana. Maganda ya mbegu hapana. Kitu chochote kinachoingia mdomoni na hakisagiki, hapana. Na panzi wawekwe kwenye bakuli pana."

"Na sanduku?"

Daktari alimtazama kwa huruma. "Hata mbao zenyewe zinatoa harufu, Fundi."

Baba alipapasa pembe ya sanduku kwa kidole gumba, kama anavyofanya mtu akimuaga farasi wake. Kisha alimwaga maranda nje.

Daktari alimpeleka Mwenyekiti kwenye zahanati yake. Alituonya tusimpe dawa yoyote ya watu, wala mafuta ya kupikia, kama jirani mmoja alivyoshauri. "Mtamuua kwa upendo," alisema. Bibi alimfuata na mto wake, akakaa kwenye benchi la zahanati, kati ya mbuzi mwenye bandeji na mwenye mbuzi.

Sisi tulibaki kazini. Sijawahi kumwona Baba akifanya kazi kimya vile. Alitengeneza sanduku jingine kwa kioo na mbao za zamani zisizo na harufu. Sakafu aliipanga vigae, akavishindilia pasiwe na ufa wa panzi kujificha. Alipitisha kiganja juu ya kila kigae. Balbu aliiweka upande mmoja, ili mjusi akitaka joto alifuate, na akitaka baridi aondoke. Kisha aliweka mkono wake chini ya balbu, akasubiri, kuhakikisha kigae hakiunguzi.

"Baya kidogo," alisema alipomaliza. "Lakini si mimi ninayelala humo."

Mwenyekiti alirudi macho yakiwa wazi. Daktari alikuwa amemwogesha kwa maji ya uvuguvugu na kumpa dawa ya kulainisha tumbo. Alisema hali yake ni nzuri, ila yaliyobaki tumboni bado hayajatoka yote. Tukae tukitazama.

Tulikaa tukitazama. Bibi alitandika gazeti juu ya vigae, akalinyoosha mikunjo kama shuka. Wateja waliingia karakanani wakakuta randa zimelala na familia nzima imejipanga mbele ya kioo.

Asubuhi moja Bibi alipiga kelele.

"Fundi! Mume wangu! Mkwe! Njooni!"

Baba aliruka meza ya kazi. Mimi niliacha gundi wazi. Tulimkuta Bibi ameshikilia gazeti kwa pembe zake, kama mtu anayebeba sinia. Katikati ya gazeti kulikuwa na kinyesi, kikubwa, chenye vipande vya maranda ndani yake.

Nimeshahudhuria harusi nyingi tangu siku ile. Sijaona watu wakishangilia namna hiyo. Mama alipiga vigelegele. Baba alicheka mpaka akaketi sakafuni, na alipomaliza kucheka machozi yaliendelea kumtoka, nasi tukamwacha ayamalize.

Mwenyekiti alikuwa kwenye bakuli lake, miguu ya panzi ikining'inia mdomoni.

Bibi alilikunja gazeti lile polepole, akalitupa. Kisha alituangalia kana kwamba ndiyo kwanza anatuona.

"Mkwe wangu," alisema, "nina njaa."

Mama aligeuka upesi ili tusimwone akijifuta macho.

"Chakula kipo, Mama. Lakini umeshika uchafu wa mjusi. Nawa mikono kwanza. Kwa sabuni."