Tundu Kwenye Kona

Kila Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukumbi wa mazoezi wa Hauki ulikuwa wa watoto. Hauki ni timu ya hoki ya barafuni ya mji wa Koivuranta, timu ya wachezaji wanaolipwa, ambao nyuso zao zimebandikwa hadi kwenye mabasi. Lakini barafu yao haikuwa yao peke yao. Wazee wa mji waliteleza hapo Jumatatu, shule zilipewa Alhamisi, na Jumatano watoto wanaocheza dansi juu ya barafu walipata dakika arobaini na tano kabla ya masomo.

Kerttu Hyvölä, msichana wa miaka kumi na miwili, hakujua kutulia. Alipiga mswaki huku akivaa soksi na alikula uji akiwa amesimama. "Kaa chini, mtoto!" mama yake alizoea kumwambia. "Au kiti kina moto?"

Kwa wiki tano Kerttu alikuwa akihangaika na mruko mmoja. Unateleza kinyumenyume, unachoma barafu kwa meno ya mbele ya chuma cha kiatu, unajirusha, unazunguka mara mbili hewani, kisha unatua kwa mguu mmoja. Kwa wiki tano alitua kwa makalio. Jumatano hiyo, dakika za mwisho kabisa, alitua kwa mguu.

"Kocha! Umeona? Umeona?"

"Nimeona, hongera," alisema kocha Marjukka na kupuliza filimbi. "Sasa zibeni matundu. Kila mtu yake!"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi. Meno ya viatu huchimba barafu, na mashine ya kulainisha humwaga maji kidogo tu, hivyo tundu lenye kina hubaki chini yake. Kwa hiyo kila mtoto alichota theluji yenye majimaji kwenye ndoo, akajaza matundu yake na kuyakandamiza kwa glovu. Zilikuwa dakika tatu za kupiga magoti, na Kerttu alizichukia. Siku hiyo aliruka tena mara mbili palepale kwenye kona, asije akausahau mruko wake. Tundu likaingia nusu ya kidole gumba. Alilitazama, akaitazama ndoo iliyokuwa upande wa pili, akajiambia mashine itamalizia. Akakimbia kuvua viatu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kerttu hakuziba hata tundu.

Saa nne Hauki waliingia kufanya mazoezi. Beki wao, Rasmus Leivo, alikwenda mbio kwenye kona ile, chuma cha kiatu kikanasa, akaanguka na kuteguka kifundo cha mguu. Jumamosi walikuwa na mechi kubwa dhidi ya mji wa jirani. Kufikia chakula cha mchana, shule nzima ilikuwa na habari hizo, na Kerttu akaisukuma kando supu yake ya samaki.

Kesho yake kocha aliwakusanya watoto. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Meneja wa timu amesimamisha Jumatano zetu mpaka ajue nani aliacha tundu lile. Onyesho letu ni baada ya wiki tatu, na hatuna barafu nyingine. Simtafuti mtu wa kumgombeza. Nautafuta ukweli."

Peppi, mmoja wa watoto hao, akasema, "Si Sohvi alikuwa kona ileile?"

Sohvi alikuwa na miaka tisa, mdogo kuliko wote. "Niliziba!" alisema. "Yangu niliziba yote!"

"Kama ulivyokumbuka glovu zako juzi?" Peppi alimdhihaki. Wengine wakaangua kicheko, na Sohvi akalia. Kerttu akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Katika onyesho, yeye ndiye aliyepewa dansi ya peke yake. Akisema, ataipoteza.

Siku mbili hizo hazikuwa na raha. Alifungua friji, akaifunga, akaifungua tena.

"Unatafuta nini humo?" baba yake aliuliza.

"Sijui."

Na kweli hakujua. Kila alipokaa alimwona Sohvi akifuta machozi kwa mkono wa sweta. Ijumaa baada ya shule alishuka kwenye basi, akaenda moja kwa moja ukumbini.

Rasmus alikuwa kwenye benchi, mguu umefungwa bandeji, akiwatazama wenzake wakicheza. Karibu naye alisimama Seija, mwanamke aliyeendesha mashine ya kulainisha barafu.

"Lile tundu ni langu," Kerttu alisema kwa mkupuo. "Niliruka baada ya filimbi na sikuziba na Sohvi hana kosa na walimcheka na mimi nilikuwepo!"

"Pumua kwanza," Rasmus alisema. "Nina hasira, sitakuficha. Kesho wenzangu watacheza, mimi nitakaa jukwaani na mama mkwe. Lakini umekuja mwenyewe. Haya, huo mruko uliuweza, angalau?"

"Niliuweza."

"Basi si hasara tupu."

Seija hakucheka. "Nilipita kona hiyo na mashine huku nikitazama saa," alisema. "Nilipaswa kukagua. Twende kwa meneja, tukaseme wote wawili."

Meneja aliwarudishia watoto Jumatano yao. Kerttu alipewa kazi ya kukagua barafu pamoja na Seija kila wiki, na kocha akamwondolea dansi ya peke yake. Alilia, lakini hakubisha.

Jumatano iliyofuata alisimama mbele ya wenzake, akasema yote, akamwomba Sohvi msamaha. Peppi naye akaomba, uso umemwiva kwa aibu.

Sohvi alimtazama Kerttu. "Waliponicheka, ulikuwa unajua ni wewe?"

"Nilijua."

Sohvi akabeba ndoo yake, akaenda zake.

"Seija, nimekiri na nimeomba msamaha," Kerttu alinong'ona. "Mbona bado amekasirika?"

"Ana haki," Seija alijibu. "Kusahau tundu ni uzembe, na uzembe husameheka upesi. Kunyamaza mwenzako akibeba kosa lako ni jambo jingine. Kusema kweli ni lazima, lakini ukichelewa, kuna mtu anaumia wakati wewe unangoja. Ungesema siku ileile, leo ungekuwa na deni la mguu wa Rasmus tu. Sasa mwoneshe Sohvi kwa vitendo, na usimharakishe."

Filimbi ikalia. Kerttu akapiga magoti hatua chache kutoka kwa Sohvi, akaanza kuziba, tundu moja baada ya jingine. Baada ya muda Sohvi, bila kumtazama, akaisogeza ndoo yake ikawa katikati yao.