Mtandao Haukuwa na Kosa

Kila siku Ruqayya alipotoka shule, kazi yake ya kwanza haikuwa kula wala kuvua sare. Alinawa mikono, akatandika busati kwenye ua nyuma ya duka la vitambaa, akaweka juu yake spika ndogo ya buluu, kisha akamwita bibi yake. Bi Mariamu alikuja polepole, mkono mmoja kwenye goti lake bovu, mwingine umeshika kikombe cha kahawa ya tangawizi.

"Haya, mke mwenzangu," alisema akijishusha kwenye busati, "nifungulie mume wetu."

Huo ndio uliokuwa utani wao. Mume mwenyewe, Sheikh Habib, babu yake Ruqayya, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Maisha yake yote aliuza vitambaa asubuhi, na jioni akawafundisha dini watoto wa mtaa ule, chini ya kilima cha Nsambya jijini Kampala. Darsa zake zilirekodiwa kwa simu, na simu hiyo ilikufa muda mfupi baada ya mwenyewe. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu, kwenye tovuti ambayo Ruqayya aliitengeneza kwa mikono yake. Wanafunzi wake wa zamani waliokuwa Jinja, Mbale na hata Mombasa waliifungua wakamsikiliza.

Ukurasa mmoja wa tovuti hiyo ulifungwa kwa neno la siri. Humo mlikuwa na maneno ambayo Sheikh Habib aliyasema akiwa kitandani hospitalini, siku zake za mwisho, akimwomba mkewe radhi. Bi Mariamu aliyasikiliza kila Ijumaa, peke yake, mlango umefungwa. Hakuna mwingine aliyewahi kuyasikia, hata Ruqayya aliyeyapandisha kwenye tovuti, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Ufundi wa tovuti Ruqayya aliupata kwa Loice Akech, Mkenya aliyekuwa akitengeneza tovuti za maduka na mikahawa ya Kabalagala. Jumamosi asubuhi, kabla muziki wa baa haujaamka, Anti Loice aliwafundisha watoto bure ofisini mwake. Walitumia programu huria iitwayo Mkeka. Mkeka haukuwa mali ya kampuni yoyote. Watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi waliuunda pamoja: mmoja anaandika kipande hiki, mwingine anarekebisha kile, na yeyote anautumia bila kulipa. Kila Alhamisi walitoa ukurasa wa habari za jumuiya yao, na Anti Loice aliwataka wanafunzi wake wausome kama vile mkulima anavyotazama mawingu.

Alhamisi moja habari ilikuwa mbaya. Nyongeza iitwayo Picha Tembezi, ile inayofanya picha zipite moja baada ya nyingine juu ya ukurasa, ilikuwa na tundu la kuwapitisha wadukuzi. Chini yake mtengenezaji wa nyongeza hiyo aliandika kwa jina lake kamili: "Kosa ni langu. Nililigundua leo asubuhi. Tafadhali wekeni nakala ya tovuti zenu, kisha mwondoe nyongeza hii leo leo. Nisameheni."

Ruqayya alisoma, akashika shavu. Picha Tembezi ndiyo iliyokuwa pambo la tovuti yake. Ukiifungua, ulimwona Sheikh Habib akicheka dukani, kisha Sheikh Habib na wanafunzi wake, kisha msikiti wa Kibuli wakati wa machweo. Tuseme ukweli, ilipendeza. Na Jumamosi ile wanajumuiya wa Mkeka wa Kampala nzima walikuwa wakutane ofisini kwa Anti Loice, na Ruqayya alichaguliwa kuonyesha kazi yake mbele yao. Angeondoa picha, angebaki na ukurasa mtupu kama ukuta wa jela.

"Nitaiondoa Jumapili," alijiambia. "Siku mbili si kitu."

Jioni Anti Loice alipiga simu. "Ruqayya mamangu, umeona habari ya leo?"

"Nimeona, Anti."

"Umeweka nakala? Umeiondoa ile nyongeza?"

"Vyote nimefanya," Ruqayya alijibu, na moyo wake ukaruka kidogo, kisha ukatulia. Uongo wa kwanza huwa mwepesi namna hiyo.

Jumamosi mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Watu wazima walimpigia makofi, wakauliza maswali, wakapiga picha. Katika vigelegele vile hata Anti Loice hakuzishuku picha zile zilizokuwa bado zinatembea; alidhani ni nyongeza nyingine, maana za aina hiyo zilikuwa nyingi. Jumapili ilikuwa siku ya kusimuliana sifa na kupongezwa na majirani. Nyongeza haikuondolewa, wala nakala haikuwekwa.

Jumatatu alasiri Ruqayya alitandika busati kama kawaida, akafungua tovuti. Badala ya uso wa babu yake aliona matangazo ya kamari, mekundu na ya manjano, yanametameta. Alifunga, akafungua tena. Akaingia jikoni mwa tovuti, mahali ambapo mwenyewe huingia na kupanga mambo. Kurasa zote zilikuwa zimefutwa. Darsa hazikuwepo. Ukurasa wa siri haukuwepo. Simu ikamponyoka, ikaanguka kwenye busati.

"Vipi, mke mwenzangu?" Bi Mariamu aliuliza, kikombe mkononi.

"Mtandao, Bibi. Leo mtandao hakuna."

"Aa, mtandao wa hapa!" Bi Mariamu alicheka. "Basi atatusemesha kesho. Alizoea kunichelewesha tangu uchumba."

Ruqayya alikimbilia chumbani, akalia uso ukiwa ndani ya mto ili asisikike. Alitaka kumpigia Anti Loice. Lakini siku hiyo hiyo jumuiya ya Mkeka ilikuwa imeweka picha yake kwenye ukurasa wao wa mazungumzo, na chini wameandika kuwa ni msichana hodari wa Kampala anayelinda urithi wa babu yake. Anayelinda! Aliisoma sentensi hiyo akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jumanne shuleni alimweleza rafiki yake Ayot. Ayot alikuwa binti wa askari, kakulia kambi ya polisi ya Nsambya, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kisichozunguka mbuyu.

"Bambi, Ruqayya," alisema, uso umejaa huruma. "Lakini hii maneno lazima useme. Enda kwa Anti Loice leo."

"Atasema mimi mwongo."

"Si wewe ni mwongo? Sasa unaogopa nini? Kwetu kambini, nyumba ikishika moto unapiga kelele. Hauendi kwanza kuchana nywele."

"Nitamwambia kesho, Ayot. Naapa."

"Kale, sawa, kesho," Ayot alisema, lakini alitikisa kichwa.

Jumanne alasiri Bi Mariamu akaketi, akangoja, akaambiwa mtandao. Jumatano akavaa kanga yake mpya, maana alidhani bila shaka leo mambo yatakuwa sawa, akaketi, akangoja, akaambiwa mtandao. Kahawa ilimpoa mkononi. Hakulalamika hata kidogo, na hilo lilimuumiza Ruqayya kuliko kama angepigwa.

Alhamisi Ruqayya alirudi akamkuta bibi yake mlangoni, buibui amevaa, kiatu kimoja mguuni.

"Bibi, unakwenda wapi na goti hilo?"

"Kabalagala, kwa Loice. Nimemwambia yule kijana wa boda anisubiri hapo nje. Wewe mtoto umehangaika siku tatu peke yako, na kesho Ijumaa. Siwezi kupitisha Ijumaa bila kumsikia. Loice atajua mtandao huu unarudi lini."

Ruqayya alishika fremu ya mlango. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yake yalikuwa yamefika mwisho.

"Bibi, si mtandao. Mtandao hauna kosa. Tovuti imevamiwa. Darsa zimefutwa zote. Ukurasa wako pia. Waliniambia niondoe kitu fulani, sikukiondoa, nikasema nimekiondoa. Nimekudanganya tangu Jumatatu."

Bi Mariamu aliketi pale pale kizingitini, kiatu cha pili kimemlalia mapajani. Kisha akalia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalitiririka tu na midomo ikatikisika, kama siku walipomtoa Sheikh nyumbani kwenda kuzikwa. Ruqayya hakuwa amewahi kudhani kwamba mtu anaweza kufiwa na mtu mmoja mara mbili.

Boda iliyokuwa ikingoja nje ilitumwa Kabalagala, ikamleta Anti Loice. Alimwamkia Bi Mariamu, akafungua kompyuta yake kwenye busati, akafanya kazi kwa muda mrefu. Akazungumza kwa simu na kampuni inayohifadhi tovuti. Alipokata simu alikuwa amelegea mabega.

"Ruqayya, hii ilitokea lini?"

"Nafikiri Jumapili usiku, Anti. Mimi niliona Jumatatu."

Anti Loice alifumba macho. "Ile kampuni huweka nakala ya kila siku, lakini nakala za siku tatu tu. Ya zamani inafutwa, mpya inaingia. Ungeniambia Jumatatu, ama hata Jumanne, tungerudisha kila kitu kabla ya chakula cha usiku. Leo nakala zote tatu ni za hayo matangazo ya kamari."

Ruqayya alisikia maneno hayo yakimwingia moja moja. Jumanne. Jumanne Ayot alimwambia. Kumbe si wadukuzi waliomwibia bibi yake maneno yake ya Ijumaa. Wadukuzi walifungua mlango tu. Aliyemaliza kazi ni yeye mwenyewe, aliyekuwa akitandika busati na kusema mtandao, mtandao.

"Basi hakuna la kufanya?" aliuliza akilia.

"Liko moja," Anti Loice alisema. "Yule aliyetengeneza Picha Tembezi alifanya nini alipoona kosa lake?"

Ruqayya alijua. Alijifuta pua kwa ushungi, akavuta kompyuta, akaandika kwenye ukurasa wa mazungumzo wa jumuiya, pale pale walipomsifu wiki ile. Aliandika kwa Kiswahili na kwa jina lake: kwamba hakuondoa nyongeza, kwamba alisema ameiondoa, kwamba alificha siku tatu na darsa za babu yake zimepotea. Aliomba mwenye nakala ya darsa yoyote amsaidie. Alisita kidogo kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Kisha akabonyeza.

Alijiandaa kutukanwa. Wachache walimkaripia, na walikuwa na haki. Lakini kabla ya jua kuzama mtu wa kujitolea huko Kisangani akajibu kwamba alipokuwa akijaribu jinsi sauti za tovuti zinavyosikika kwenye mitandao ya polepole, alizipakua darsa sita za Sheikh, na bado anazo. Mwalimu mmoja wa Mbale alikuwa nazo nyingine kwenye simu. Mama mmoja wa Mombasa alimtumia darsa ya saumu, akaongeza kuwa yeye huisikiliza akipika. Kufikia wiki iliyofuata, karibu darsa zote zilikuwa zimerudi. Ruqayya aliijenga tovuti upya, bila picha za kutembea, na kila Jumamosi Anti Loice alimkagulia nakala kwa macho yake mwenyewe. Neno "nimefanya" halikutosha tena.

Ukurasa wa siri haukurudi. Usingerudi. Hakuna mtu Kisangani wala Mombasa aliyekuwa na neno lake la siri.

Siku nyingi Bi Mariamu hakumwita mjukuu wake kwa utani. Alimwita Ruqayya, kwa upole, na Ruqayya akaitika, na jina lake mwenyewe likamchoma. Alasiri moja, darsa ilipokwisha, msichana akashindwa kuvumilia. Akaangukia miguu ya bibi yake.

"Bibi, nisamehe. Nimekupotezea maneno yake ya mwisho."

Bi Mariamu aliweka kikombe chini.

"Yale maneno nitayalilia mpaka nife, sitakuficha," alisema. "Lakini sikiliza mwanangu. Kuacha ile nyongeza ilikuwa tamaa ya sifa, na nani hajapata kupenda sifa? Hata babu yako alipenda kilemba chake kisifiwe. Mimi kilichoniumiza ni zile siku tatu. Mtu wetu akifa, tunaambiwa siku ile ile, tunalia, tunazika, majirani wanakuja kutushika mkono. Wewe uliniacha nimekaa hapa na kanga mpya, namngoja mtu ambaye ulijua haji. Na kwa kuwa ulikaa nalo peke yako, hata wale walioweza kutusaidia hawakupata nafasi."

Ruqayya akaficha uso kwenye kanga ya bibi yake.

"Makosa utafanya mengi, wewe bado mdogo na hizo kompyuta zenu zina mambo. Ukikosea, njoo uniambie siku ile ile. Nitagomba. Labda nitalia pia. Lakini tutakuwa wawili."

Alimvuta mjukuu wake, akamlaza kichwa kwenye lile goti bovu, ingawa lilimuuma, na wakakaa hivyo mpaka adhana ya magharibi ikasikika kutoka Kibuli.