Waya Mwembamba Nyuma ya Redio

Kwa asubuhi ya tatu mfululizo, Sindano alikuwa nyuma ya gari akisukuma pamoja na baba yake, mkoba wa shule mgongoni, jasho likimtiririka. Kwenye usukani alikaa mama yake, mkunga wa zahanati. Alizungusha ufunguo. Gari likakohoa mara moja, likanyamaza.

"Nyumba hii ina disko lakini haina usafiri!" mama alifoka. "Kuna mama ana uchungu tangu alfajiri, ananisubiri!"

"Nimeshasema ni betri," baba alijibu akihema. "Yule muuzaji kaniuzia kimeo. Leo atanitambua!"

Mama alishuka, akaubamiza mlango, akashika njia kwa miguu bila kuaga.

Betri ilikuwa na mwezi mmoja tu. Redio mpya ya gari na kikuza sauti chake, kilichofichwa chini ya kiti, baba alivifunga mwenyewe Jumapili kwa mbwembwe nyingi. Fundi wa nini! Msaidizi wake alikuwa Sindano, aliyepewa jina hilo kwa vidole vyake vyembamba vinavyopenya popote, hata nyuma ya redio.

Sindano aliinama kuchukua sweta alilolisahau jana chini ya kiti. Lilikuwa na joto kama limetoka kupigwa pasi. Gari limezimwa usiku kucha, joto limetoka wapi?

Alijua limetoka wapi. Baba alimwambia aunge waya mwembamba wa kukiamsha kikuza sauti kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa tu. Huo ulikuwa mbali, na vidole vilishamuuma. Akaunga kwenye ule wa karibu, wenye umeme saa zote, hata gari likizimwa. Baba alipouliza kama amefuata maelekezo, akajibu, "Ndiyo, baba." Muziki ukalia, akajiona mjanja.

Sasa walikuwa dukani, baba akiwa na betri mikononi, akimwita muuzaji tapeli mbele ya wateja. Muuzaji aliitazama betri, kisha akamtazama baba.

"Baba, mwache," Sindano alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Niliunga waya siko, nikakudanganya."

Muuzaji aliipokea betri mikononi mwa baba. Akaichaji, akaja nayo nyumbani na mita yake ya kupimia umeme. Alipoifunga, gari likiwa limezimwa, mita ilionyesha umeme unatoka. Akachomoa fyuzi ya kikuza sauti, nao ukakatika karibu wote.

"Betri yangu ni nzima," alisema. "Mmeinyonya tu usiku kucha."

Safari hii Sindano aliupeleka waya mahali pake, hata vidole vilipouma.

Kesho yake gari liliwaka mara moja. Baba hakuwepo. Alikuwa amedamkia dukani kumwomba muuzaji radhi mbele ya wateja walewale. Mama akamgeukia Sindano.

"Waya kuungwa vibaya si kitu, tungerekebisha siku ileile. Ile 'ndiyo' yako ndiyo iliyotusukumisha gari siku tatu. Mficha uchi hazai, mwanangu, na mimi naliona hilo kazini kila siku. Yule mama wa jana alijifungua dakika tano baada ya mimi kufika. Dakika tano tu, Sindano."

Sindano aliinamisha kichwa. Mama akamfungulia mlango, akamwambia aingie, wasichelewe.